Je, unga wa ORS unaweza kugawanywa na kuchanganywa kikombe kimoja kimoja?

Mama Nasra wa Temeke

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi, kwa kuwa tangu asubuhi nimekuwa nikibishana na mama mkwe wangu na kila mmoja wetu anaamini kwamba yeye ndiye aliye sahihi. Mwanangu ana umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, na kadi yake ya kliniki inaonyesha kilo 9. Tangu jana anaharisha choo cha majimaji. Leo amekwishaharisha mara tano, ingawa bado ananyonya na anacheza. Zahanatini tulipewa pakiti mbili za ORS, ule unga wa sukari na chumvi wa kurudisha maji mwilini, pamoja na vidonge vya zinki, lakini foleni ilikuwa ndefu, na aliyetuhudumia alisema tu kwamba tumchanganyie awe anakunywa, kisha akamwita anayefuata.

Mama anasema kwamba mtoto mdogo kama huyu hawezi kumaliza lita nzima kwa siku, kwa hiyo kuchanganya pakiti yote ni kumwaga dawa. Yeye hufungua pakiti, humimina kama theluthi ya unga katika kikombe cha bati kwa kukadiria kwa macho, hujaza maji, na kilichobaki hukikunja na kukibana kwa kibanio cha nguo kikisubiri kikombe kinachofuata. Nilipoonja kikombe cha asubuhi nilikuta kina chumvi kuliko machozi, ilhali cha mchana kilikuwa karibu sawa na maji matupu. Nilipomweleza, alinijibu kwamba amelea watoto saba na wote wako hai, nami sikuwa na la kuongeza.

Naomba kujua kama njia yake ina madhara yoyote, na pia nifanye nini mtoto akitapika baada ya kunywa, maana jioni hii ametapika mara moja.

Muuguzi Mstaafu

Mama Nasra, pole kwa kuuguza. Mama mkwe wako hana nia mbaya, na hofu yake ya kupoteza dawa nimeisikia kwa akina bibi wengi kwa miaka yote niliyofanya kazi wodi ya watoto, lakini katika jambo hili inafaa umbishie kwa adabu. Unga wa pakiti usigawanywe. Pakiti inachanganywa yote kwa mara moja, katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, si zaidi wala si pungufu.

Sababu ni hii. Pakiti ya lita moja ina gramu 20.5 za unga, na ndani yake kuna vitu vinne: gramu 13.5 za sukari ya glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu. Glukosi haikuwekwa humo ili mtoto apende ladha, kama wengi wanavyodhani. Ukuta wa utumbo mwembamba una mlango ambao glukosi na sodiamu hupita pamoja, na maji huzifuata; mlango huo huendelea kufanya kazi hata wakati mtoto anaharisha sana, na ndiyo maana maji haya huingia mwilini wakati maji matupu mengi yanapita tu na kutoka. Lakini kazi hiyo hutegemea uwiano. Mchanganyiko ukiwa mkali kupita kiasi, huyavuta maji kutoka mwilini kuja kwenye utumbo, kuharisha huongezeka, na chumvi hupanda katika damu hadi mtoto anakuwa na kiu isiyoisha, anakosa utulivu, na hali ikizidi anaweza kupata degedege. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, mtoto anakunywa vizuri mbele ya macho yako huku chumvi anayoipoteza hairudi. Kwa hiyo kile kikombe cha asubuhi na kile cha mchana vilikosea vyote viwili, kila kimoja kwa upande wake. Ulimi wako ulikupa jibu kabla hujaja kuuliza: ORS iliyochanganywa sawasawa haizidi machozi kwa chumvi.

Chemsha maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo upime lita moja, kwa sababu yakichemka hupungua. Nawa mikono kwa sabuni, mimina unga wote, koroga hadi uyeyuke kabisa. Usiongeze sukari, juisi, soda wala maziwa, na usichemshe tena baada ya kuchanganya. Yafunike, yaweke mahali penye ubaridi, na baada ya saa 24 yanayobaki yamwagwe na kuchanganywa mengine. Mwambie mama kwamba hicho kinachomwagwa si hasara. Hasara ni kurudi zahanatini usiku na mtoto aliyelegea.

Kwa umri wa mwanao, kila baada ya choo cha majimaji mpe robo hadi nusu ya kikombe cha chai, yaani mililita 50 hadi 100. Mpe kwa kijiko au kwa kikombe, usitumie chupa ya chuchu. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika mbili au tatu. Akina mama wengi hukata tamaa hapa, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hupokea kikombe kizima kwa pupa, hukirudisha chote, na nyumba nzima huamua kwamba dawa imemkataa. Haijamkataa, imekwenda kwa kasi.

Endelea kumnyonyesha kila anapotaka na kumpa uji na chakula chake cha kawaida, hata kama anakula kidogo kidogo. Usitegemee kwamba ORS itakausha choo kesho, maana kazi yake ni kurudisha maji na chumvi wakati ugonjwa unakwenda zake.

Mpeleke kituoni bila kusubiri kukuche iwapo macho yatadidimia, iwapo atalegea au kulala kiasi kwamba ni vigumu kumwamsha, iwapo hawezi kunywa au anatapika kila kitu, iwapo choo kina damu, au iwapo ukiifinya ngozi ya tumbo taratibu na kuiachia inachelewa kurudi. Homa, kiu kali, choo cha maji kinachotoka kwa wingi bila kukoma, au saa sita kupita bila mkojo pia ni sababu za kutosha za kuondoka nyumbani.

Muuza Dawa, Morogoro

Naongezea machache kwa upande wa dukani. Kabla ya yote, soma maandishi kwenye pakiti, kwa sababu si zote ni za lita moja. Zipo za nusu lita, na zipo za mililita 200. Mteja aliyezoea aina moja akiuziwa nyingine, mkono wake hufanya kama ulivyozoea, na pakiti ya nusu lita huishia kwenye lita nzima.

Jambo la pili ni chombo. Watu wengi husema "chupa kubwa ya maji" wakiamini kwamba ni lita moja, ilhali nyingi kati ya zile chupa kubwa zinazouzwa madukani ni za lita moja na nusu. Pakiti ya lita moja ukiitia katika chupa hiyo iliyojaa, umeifanya dawa kuwa nyepesi kwa theluthi nzima. Njia ninayowaelekeza wateja wangu ni kuchukua chupa ndogo ya maji iliyoandikwa mililita 500, kuiosha vizuri, na kuijaza mara mbili. Wazee walitufundisha kupima kwa chupa tatu za soda, na wazo lao lilikuwa zuri, lakini chupa tatu za mililita 300 ni mililita 900 na tatu za mililita 350 ni mililita 1,050, kwa hiyo hata hapo ni vizuri kusoma kilichoandikwa. Unga uliogeuka rangi ya kahawia au uliolowa na kunata usiutumie. Kile kilichobanwa na kibanio cha nguo nacho kitupwe, kwa kuwa unga huu hunyonya unyevu, na pia hakuna ajuaye tena umebaki kiasi gani.

Zinki kwa mtoto aliyevuka miezi sita ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14 kama mlivyoelekezwa. Aliye chini ya hapo hupewa miligramu 10. Kidonge huyeyuka kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Watu huacha siku choo kinapokaza, ilhali siku zilizobaki ndizo zinazosaidia asiugue tena upesi katika miezi miwili mitatu inayofuata.

Nawaomba pia wazazi wasije dukani kuomba vidonge vya kufunga choo kwa ajili ya mtoto mdogo. Mimi siwauzii, na wengine hunikasirikia.

Kijana wa Korogwe

Nawashukuru wote kwa maelezo. Huku kwetu mvua zikinyesha barabara hukatika, na duka la dawa lililo karibu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Sisi hutumia sukari na chumvi ya jikoni. Napenda kujua kama hilo nalo ni kosa, na, kwa kusema kweli, kwa nini hospitali hazitoi dripu moja kwa moja badala ya kutuhangaisha na vijiko.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu yangu wa Korogwe, si kosa pakiti isipopatikana, mradi vipimo vifuatwe: katika lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Usivichanganye vipimo hivyo viwili kichwani, kwa maana vijiko sita vya chumvi ni sumu kwa mtoto. Mchanganyiko huo hauna potasiamu, na kosa dogo la kijiko hubadilisha mambo mengi, kwa hiyo uchukulie kuwa ni wa kumvusha mtoto wakati mtu ameshatumwa kufuata pakiti. Mimi ningeshauri kila nyumba iliyo mbali kama yenu iweke pakiti mbili tatu kabla ya masika.

Kuhusu dripu, inahitajika kwa aliyelegea kabisa au asiyeweza kunywa. Wengine wote hutibika kwa mdomo, na jambo hilo lilithibitishwa katika mazingira magumu kuliko ya zahanati yoyote ninayoijua. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon nchini India, na dripu zikawa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kutumia mchanganyiko wa glukosi na chumvi uliopimwa na kufungwa katika mifuko, ukachanganywa na maji katika mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa vimefikia kama asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka hadi chini ya asilimia 4.

Baadaye, kuanzia mwaka 1980, shirika la maendeleo la BRAC nchini Bangladesh lilituma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya nusu lita ya maji na chumvi ya kudonoa kwa vidole vitatu pamoja na konzi ya sukari guru. Ninalolipenda katika habari hiyo ni kwamba walimu walilipwa kulingana na jinsi akina mama walivyokumbuka somo, na michanganyiko yao ilipimwa kiasi cha chumvi. Waliamini mikono ya akina mama, lakini hawakuacha kuipima.

Mama Nasra wa Temeke

Shikamooni mliotangulia, na ninyi wengine asanteni. Usiku ule nilifuata mwendo wa kijiko kimoja kila dakika mbili, nikitazama saa ya simu, na hakutapika tena. Jana aliharisha mara tatu, leo mara moja tu, na amekojoa vizuri.

Mama nilimsomea majibu yenu yote jikoni, na nilipofika mahali pa chupa kubwa alinyamaza. Kisha alichukua jagi lake la plastiki la bluu, ambalo miaka yote nyumba nzima imeliita la lita moja, akaniagiza nilete chupa ya mililita 500. Tulimimina ya kwanza, ya pili, na ya tatu nayo ikaingia yote. Sasa limechorwa mstari wa rangi ya kucha mahali chupa ya pili ilipofikia, na yeye ndiye aliyeuchora.

Muuguzi Mstaafu

Mpe mama salamu zangu. Zinki imalizeni, na kwa wiki mbili zijazo mwongezeeni mtoto mlo mmoja kila siku ili arudishe uzito alioupoteza.