Naomba ushauri: huu mwani mwekundu ni Eucheuma au Kappaphycus (jenasi mbili za mwani wa kulimwa)?

Wakuu habari za jioni. Nafundisha baiolojia huku Kigoma, bahari tunaiona kwenye ramani tu, sasa shemeji kaniletea mwani mkavu toka Paje, Zanzibar, nikawaonyeshe madogo wa kidato cha tano. Nimeuloweka kwenye maji ya chumvi (ya ziwani matupu niliogopa) nikakata kwa wembe kukingama shina, nje naona seli ndogondogo zimebanana, ndani seli kubwa, ila katikati kabisa sioni vizuri, pamefifia tu.

Nijuavyo mimi spinosumu, yaani Eucheuma denticulatum, katikati ina kiini cha nyuzi nyembamba na vimiba vyake vinazunguka shina kama pete, ndo inatoa karajinani (ute wa kugandishia vyakula) ya aina ya aiota. Kotonii, ule mwani mwingine wa kulimwa, mtaalamu wa mwani Doty aliihamisha toka Eucheuma kwenda Kappaphycus mwaka 1988, hiyo inatoa karajinani ya aina ya kapa. Sasa huu wangu vimiba vipo ila vingi vimekatika, na jua limeupausha hadi dogo mmoja kaniuliza, "Mwalimu, mwekundu gani huu mweupe?"

Kwa wazoefu, nikitia methilini bluu (rangi ya kutia seli chini ya hadubini) hizo nyuzi za katikati zitaonekana au nahangaika bure? Na kwenye lebo niandike jina gani, kipindi ni Alhamisi jamani.