Kamera ya nje imeandikwa IP66, mbona imeingia maji?

Mkazi wa Kigamboni: Wakuu, habari zenu. Naishi karibu kabisa na bahari. Mwaka jana nilifunga kamera nne nje, boksi limeandikwa IP66, ile alama ya kiwango cha kuzuia vumbi na maji. Masika haya, kamera ya getini ikifika usiku inaonyesha weupe mtupu, na ya nyuma imezima. Dukani wananishauri ninunue mbili za IP67 kwa kuwa namba ni kubwa zaidi. Nasafiri sana, mke wangu anabaki peke yake na watoto, sitaki kubahatisha. Naombeni ushauri.

Fundi Waya: Pole sana mkuu. Usinunue kwanza. Panda ngazi, angalia ule mkia wa kamera pale waya wa mtandao unapochomekwa. Kumeota ukijani?

Namba ziko hivi. Ya kwanza ni ya vumbi, 6 maana yake haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 5 imepigwa maji ya presha lita 12.5 kwa dakika, 6 imepigwa lita 100 kwa dakika, 7 imezamishwa mita moja kwa nusu saa. Kuzamishwa na kupigwa kwa presha ni vitu viwili tofauti, ndiyo maana nyingine huandikwa IP66/IP67 kwa pamoja. Kamera ya ukutani haizami. 66 inakutosha.

Binti wa Tanga: Naongezea, kipimo hicho hutumia maji yasiyo na chumvi, na hakigusi kabisa jua linalokausha mpira. Sisi wa pwani tunaliwa na upepo wa bahari. Mabano yangu yaliachia ukuta kwa kutu wakati kamera yenyewe bado nzima! Tafuta skrubu za stenlesi, na kila baada ya wiki chache futa kamera kwa kitambaa chenye maji ya bomba.

Mkazi wa Kigamboni: Nimepanda. Ya nyuma pini zimekuwa kijani, moja imekatika nilipochomoa. Aliyefunga alizungushia tepu ya umeme ya kawaida tu, na waya unateremka kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi kwenye kiungio.

Fundi Waya: Basi maji yalikuwa yanaufuata huo waya. Kiungio kiweke ndani ya boksi la plastiki lenye mpira, tundu la waya liwe chini. Waya uuache ushuke chini ya boksi kwanza ndipo upande kuingia, matone yadondokee pale kwenye kona. Ya getini ni unyevu kwenye kioo, unaurudisha mwanga wa taa zake za usiku kwenye lenzi. Kama haina waranti, ifungue mchana wa jua kali, futa mpira wa kuziba, weka kipakiti kipya cha kunyonya unyevu, kaza skrubu zote sawasawa.

Mkazi wa Kigamboni: Asanteni sana ndugu zangu. Nanunua maboksi manne na kamera moja tu, ya nyuma. Ya getini naifungua Jumamosi jua likiwaka.