Tupeane uzoefu: JavaScript ilikukwamisha wapi baada ya hatua za mwanzo?

Asalaam aleykum jamani. Wengi hapa tushapita variabo, if, lupu na ile alert ya "Karibu Zanzibar", halafu ukianza kutaka ukurasa umuitikie mtu akibonyeza ndo unajua hujui. Kila mtu aseme palipomtoa jasho.

Naanza mie. Nilimtengenezea mjomba ukurasa wa nyumba yake ya wageni Paje, mgeni anajaza watu wazima wangapi, watoto wangapi, bei inatoka hapo hapo. Wakubwa 2, mtoto 1, ukurasa ukasema wageni 21. Mjomba akanambia we mtoto, hao ishirini na moja ntawalaza wapi, juu ya mnazi? Kumbe kinachotoka kwenye input, kile kisanduku cha kujazia, ni maandishi hata ukiandika namba, na + ikikuta maandishi inayaunganisha tu. Kilichonipoteza zaidi ni kwamba kutoa inakubali, "5" - 3 unapata 2 safi. Dawa Number(), inageuza maandishi kuwa namba, kabla ya kujumlisha.

mwana_wete: Wallahi umenikumbusha. Mie msimu wa karafuu nilitengeneza daftari la kwenye simu la kuandikia pishi za wachumaji, jina, pishi ngapi, mstari unaingia chini na kitufe chake cha Futa. Mistari mitatu niliyoiandika mwenyewe kwenye HTML inafutika, ile inayoongezwa na JavaScript ukibonyeza kimya, bonyeza tena kimya. Siku mbili! Bibi ananiuliza mbona fulani yumo mara nne na kaja mara moja. Nilikuwa nakusanya vitufe kwa querySelectorAll na kila kimoja nakipa addEventListener ya kusikiliza kliki, lakini hiyo inapita mara moja tu ukurasa ukifunguka, kitufe kilichokuja baadae hakimo. Kaka mmoja akanambia usisikilize vitufe, sikiliza jedwali zima, maana kliki inapanda kutoka kwenye kitufe mpaka kwa wazazi wake, we tazama event.target.closest("button") utajua kabonyeza mstari upi. Mistari ishirini ya kodi ikabaki mitano. Halafu nikarifreshi, pishi zote hazipo hahaha, ndo nikaijua localStorage, ghala la kivinjari linalobaki hata ukirifreshi, nayo inaweka maandishi tu, kwa hiyo JSON.stringify ya kugeuza data kuwa maandishi ukiweka, JSON.parse ya kuirudisha ukitoa.

binti_michenzani: Pole kaka wa Wete. Mie ni tarehe. Nilitaka ukurasa uniandikie safari za boti ya Pemba kwa saa zetu, mwezi ukawa unarudi nyuma mmoja, kumbe getMonth() inahesabu toka sifuri, Januari ni 0, lakini getDate() inaanza moja, hebu nambieni akili iko wapi hapo. Saa ndo usiseme. getHours() ikitoa 7 kwetu saa moja asubuhi, basi nikawa natoa sita, saa kumi alfajiri ikaandikwa -2. Mwisho nikaweka (saa + 6) % 12, hiyo % inatoa baki ya kugawanya, ikitoka 0 ndo saa kumi na mbili.

fundi_darajani: Mie null tu. querySelector inasema null, yaani hakuna kitu, na kitu nakiona kwa macho yangu. Skripti niliiweka kwenye head, inakimbia kabla body haijasomwa. Nikaandika defer, skripti ingoje ukurasa usomwe kwanza, kwisha. Ila laptopu nilikuwa nishaiformati.

binti_michenzani: Umeformati laptopu kwa ajili ya null??

fundi_darajani: Usinicheke dada, nilidhani virusi.