Naomba ushauri: vumbi kwenye njia ya motokrosi

Wakuu habari zenu. Tunaandaa njia ya motokrosi (mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo) huku Arusha, udongo wetu wa volkano, mwepesi kama unga. Jumamosi asubuhi tulimwaga boza la lita 10,000, saa sita vumbi likarudi, anayefuata nyuma haoni kitu. Tukarudia maji, juu pakawa utelezi, kijana mmoja akaanguka kwenye kona (namshukuru Mungu hakuumia). Nilipochimba kwa kisigino, chini ya vidole viwili ni pakavu kabisa!

Nafikiria tulime kwanza kwa trekta, tumwagilie kidogo kidogo usiku, tuchanganye na maranda ya mbao. Mliowahi kufanya, mlilima kina gani? Na pale pa kurukia, mnamwagia au mnapaacha? Zimebaki wiki tatu.