"HUYU HUYU?" Nahodha yule mnamjua wote, na leo amenimaliza

BabaWawili_Amu:

Sina salamu. Nimefika nyumbani sasa hivi kutoka gatini hapa Lamu, suruali ina tope la mikoko mpaka magotini, na naandika kabla hasira haijapoa kwa sababu ikipoa nitamsamehe, na hastahili.

Jina simtaji. Halihitajiki. Kofia ile ile tangu enzi za Moi, sauti inayosikika Mkomani akiwa Langoni, na ukishuka gatini huwa ameshakubebea mzigo kabla hujasema kama unataka kubebewa. Mmeshamjua. Tuendelee.

Leo tarehe 31. Mke wangu tangu mwezi uanze ana jambo lake: mwaka huu tusikae nyumbani kula pilau na kulala, twende Takwa, kwenye magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, tukae chini ya mbuyu, kila mtu aseme mwaka umempitiaje. Nikasema sawa. Tukajipanga: mimi, mke, mtoto wa miaka minne, kichanga wa miezi mitano, na mama mkwe aliyetoka Malindi kwa basi, akashushwa kila kizuizi kati ya Garsen na Witu kuonyesha kitambulisho, hata anafika Mokowe, gati la upande wa bara, kiuno si chake tena.

Takwa mnaijua, huendewa maji yakijaa. Yakipwa, ule mkondo unabaki tope na kaa. Kwa hiyo tukapatana na nahodha saa mbili asubuhi. Bwana mkubwa akatokea saa nne kasorobo na kikombe cha kahawa mkononi. Ulikuwa wapi? "Nilikuwa naangalia upepo." Upepo gani? Kaskazi inavuma mwezi mzima huu, haijabadilika, haina siri, unaangalia nini?

Matokeo yake mbuyu hatukuuona. Maji yakatutoka katikati ya mkondo, mashua ikakaa kitako kwenye tope. Kulia mikoko, kushoto mikoko. Watu wa Takwa waliuhama mji wao karne ya 17, na leo nimeelewa: walikuwa wanamkimbia babu yake huyu.

Mke akasema basi, tusiharibu siku, tuseme hapa hapa. Mama mkwe, kichanga mapajani mwake, akaanza. Akashukuru uzima, akashukuru mjukuu mpya, akalalamikia magoti. Mtoto wangu akashukuru kaimati. Kisha zamu ya mke wangu. Akatazama watoto, akanitazama mimi, macho yakamlengalenga. Akasema: "Mwaka huu ulikuwa mzito. Lakini namshukuru Mungu kwa mume wangu."

Kimya. Hata kaa walitulia.

Na kutoka nyuma ya mashua: "HUYU HUYU?"

Jamani.

Angesema "huyu?" mara moja ningesema labda hakusikia vizuri. Alirudia! Huyu. Huyu. Na akanielekeza kwa upondo, ili mama mkwe asije akadhani anazungumzia mwanamume mwingine kwenye mashua ambayo mwanamume mwingine ni yeye mwenyewe!

Mama mkwe alicheka mpaka ikabidi kichanga apokewe. Mwanamke ambaye tangu mahari ilipolipwa sijaona meno yake ya nyuma, leo nimeyaona yote na moja lina dhahabu.

Mwaka huu nimelala kwenye benchi la hospitali usiku kucha mke akijifungua. Nimehama nyumba kodi ilipopanda, nikabeba kabati la mninga ngazi tatu kwenda juu. Nimeuza pikipiki. Nimejifunza kuosha nepi. Leo hii nakuja kufungiwa mwaka na mtu ambaye hata saa hajui kusoma: huyu huyu?

Na nauli akachukua kamili. Nikamwambia Takwa hatukufika, akasema, "Lakini mumeongea."

Tumerudi nyumbani jua limezama. Namwambia mtoto njoo kwa baba. Mtoto ananitazama juu mpaka chini: "Huyu huyu?"

Nataka hatua ichukuliwe. Sijui hatua gani. Ichukuliwe.

---

Mla_Mofa:
Nimekuja mbio nikidhani mashua imezama. Kumbe kimezama kitu kingine.

Bint_Langoni:
Kofia ya kijani?

BabaWawili_Amu:
Sijataja rangi.

Bint_Langoni:
Basi ni ya kijani.

Tanga_Bovu:
Alinibeba mimi na mchumba wangu kwenda Shela mwaka juzi. Tunafika pwani akamwambia mchumba wangu, "Ukitaka kurudi peke yako, mimi nipo." Tumeoana na bado ananiuliza kila wiki kama nipo nipo tu.

Mzamiaji:
Swali dogo, kaka, bila ubaya. Mashua ilipokwama, nani alishuka kusukuma?

BabaWawili_Amu:
Hilo linahusianaje na mada?

Mzamiaji:
Nauliza tu. Kuna baba huvua viatu akasukuma, kuna baba hukaa ameshika jaketi la kujiokolea kwenye maji ya vifundo vya miguu.

BabaWawili_Amu:
Nilikuwa na mtoto mchanga.

Mzamiaji:
Mchanga alikuwa mapajani mwa mkweo, umeandika mwenyewe.

BabaWawili_Amu:
Tope si limenifika magotini? Nimesema mwanzoni kabisa. Tusitoke nje ya mada. Mada ni kwamba mtu mzima, mbele ya mkwe wangu, alisema huyu huyu. MARA MBILI.

Punda_Hana_Simu:
Hapo kwenye magoti mimi nina shaka. Anayesukuma mashua tope humfika kiunoni. La magotini ni la aliyeteleza akishuka.

Mla_Mofa:
😂😂 Funga uzi.

Ibn_Pwani:
Assalamu alaykum. Ndugu yangu, pole. Lakini tuambizane ukweli: haya ya kukaa Disemba mnahesabu mwaka mmeyatoa wapi? Mwaka wetu huanza Muharram. Ungefanya tathmini yako kwa mwezi wake, wala usingekutana na huyo nahodha.

Tanga_Bovu:
Waalaykum salaam, sheikh. Muharram shule hazifungwi na mshahara hauji mapema. Familia itakusanyikaje?

Mvuvi_wa_Matondoni:
Na wazee wetu walihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa bahari, wakajua siku ya upepo na siku ya mvua. Huu wa Disemba ni mwaka wa karo. Unahesabu umepungukiwa kiasi gani kabla Njaanuari haijakuta.

BabaWawili_Amu:
Wazee, kwa heshima zote. Kalenda yoyote mtakayotumia, alisema huyu huyu.

Mwalimu_Mkunguni:
Nakuja na jambo tofauti. Takwa isitajwe hapa kwa tope tu. Pale pana msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi la nguzo lenye tarehe inayoangukia 1681 au 1682. Mji ulipohamwa, watu walivuka wakaenda Shela, na Washela waliendelea kurudi pale kuomba mvua. Tunapeleka watoto Mombasa kuona bembea wakati historia iko ng'ambo ya maji. Kwa hilo, mkeo nampongeza.

Punda_Hana_Simu:
Washela walikwenda kuomba mvua, yeye kaenda kuomba sifa. Mvua hupatikana.

Mzamiaji:
Mwalimu umesema kweli tupu. Naongeza: siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, usiende Takwa na mashua nzito. Kwa bamvua, maji makubwa, unaingia na kutoka ukitabasamu. Huyo nahodha analijua hilo vizuri kuliko sisi wote, kwa hiyo alivyochelewa alichelewa makusudi au alikuwa kwenye bao.

Bint_Langoni:
Alikuwa kwenye bao. Nimepita pale saa tatu. Alikuwa anashindwa.

BabaWawili_Amu:
ALIKUWA KWENYE BAO??? Aliniambia anaangalia UPEPO!

Mke_wa_Baharia:
Wewe shukuru umetukanwa maneno mawili ukarudi nyumbani kwako. Mimi nyumba yangu sina. Mashemeji zangu wameteremka kutoka bara tangu Jamhuri Dei, watu tisa, hawakupiga simu, walipiga hodi. Wamelala mpaka kwenye daka, pale mlangoni. Mmoja ameniuliza kama punda anaweza kumpeleka klabu. Mwingine nimempikia samaki wa kupaka, wali wa nazi, achari, akachungulia sufuria akasema, "Na ugali?" Nimekaa chooni nikalia. Baada ya chakula wakasema tufanye duara kila mtu aseme amejifunza nini mwaka huu. Nimejifunza kufunga mlango.

Kamau_wa_Likizo:
Kama mtu wa bara naomba nijitetee. Sisi pia tunaumia. Jana nimeuziwa kamba mmoja, MMOJA, kwa pesa ambayo kwetu inanunua mbuzi na kamba ya kumfungia. Nikiuliza bei naambiwa "ya msimu". Msimu gani? Kamba wanajua ni Krismasi?

Mvuvi_wa_Matondoni:
Kamba hajui, mimi najua. Mafuta ya boti nanunua kwa bei gani? Kusi yote ile bahari imechafuka tumekaa tunashona nyavu, ulikuja kuniuliza nakula nini?

Kamau_wa_Likizo:
Mzee wangu sikatai. Lakini ungenipunguzia.

Mvuvi_wa_Matondoni:
Nilikupunguzia. Ndiyo maana ulinunua.

Mke_wa_Baharia:
Kamau, wewe si yule wa ugali?

Kamau_wa_Likizo:
Hapana, dada. Mimi niko gesti.

BabaWawili_Amu:
Jamani uzi ni wangu. Naomba turudi. Nimetoka msikitini sasa hivi. Mtoto nilikuwa naye. Imamu akaniuliza, "Huyu ndiye mwanao?" Mtoto akanielekeza mimi kwa kidole akamjibu imamu: "HUYU HUYU?" Saf nzima ya nyuma imecheka. Mnaelewa uzito wa jambo hili? Itanifuata mpaka siku ya harusi yake.

Tanga_Bovu:
Kwa kweli mtoto ana kipaji.

Mla_Mofa:
Mimi nataka kujua mkeo alijibu nini. Nahodha kauliza swali. Lilijibiwa?

BabaWawili_Amu:
Alisema, "Ndiyo, huyo huyo."

Mla_Mofa:
Sasa si umeshinda!

BabaWawili_Amu:
Alichelewa kujibu.

Punda_Hana_Simu:
Alichelewa kiasi gani?

BabaWawili_Amu:
Kiasi cha nahodha kunywa kahawa.

Mzamiaji:
Ehe. Hapo pole, kaka. Hapo mimi nanyamaza.

Mgeni_Kesho:
Samahani kuingilia. Tunafika kesho asubuhi na ndege ya Manda, mimi na mume na mapacha wa miaka miwili. Tunataka kutazama mashindano ya majahazi ya Mwaka Mpya pale Shela, tukiwa majini. Nani ana nahodha mzuri na watoto?

Bint_Langoni:
Wapo wengi ila wa kweli ni mmoja. Utamkuta gatini, kofia ya kijani. Watoto wanampenda sana.

Tanga_Bovu:
Naunga mkono. Ana mdomo lakini mashua yake haivuji.

BabaWawili_Amu:
BINT LANGONI!!!

Bint_Langoni:
Kaka, mwenzio kaulizia usalama wa watoto, hakuulizia heshima ya waume.

Mgeni_Kesho:
Asanteni. Na mizigo pale uwanja wa ndege tunabebewa au tunabeba?

Mke_wa_Baharia:
Usiguse kitu mpaka mkubaliane bei. Mkeka wangu nimewahi kubebewa hatua kumi nikaambiwa ni mia tano. Mkeka wangu! Nimeusuka mwenyewe!

Kamau_wa_Likizo:
Hatua kumi? Mimi Mokowe sikubebewa begi, lilishikwa tu. "Nimelishika lisianguke." Nikalipa.

Mvuvi_wa_Matondoni:
Vijana hawana kazi. Wasiposhika begi washike nini?

Mwalimu_Mkunguni:
Na tukiwa hapo Mokowe, mwambieni mgeni yeyote anayekuja kwa basi na watoto wadogo avalishe jaketi kabla boti haijatoka, siyo ikishafika katikati. Mwaka huu nimewaona wanavalishwa wakati wa kushuka, wapigwe picha.

Ibn_Pwani:
Hilo ni kweli kabisa. Na boti hazijazwi hivyo. Naomba uzi wa peke yake.

Mzamiaji:
Fungua, sheikh. Tutakuja.

Punda_Hana_Simu:
Nani anajua mkate wa mofa wa moto bado upo saa hizi au wameshafunga?

Mla_Mofa:
Wa Langoni wamefunga. Jaribu Wiyoni, ila wahi, kuna foleni ya watu wa bara.

Kamau_wa_Likizo:
Niko kwenye hiyo foleni. Mofa ni bei gani kwa kawaida?