Tupeane uzoefu: sukari ya maziwa jikoni na tumboni

Jiko la Milimani, Nakuru
Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina karibu gramu 48 za laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Wageni ambao maziwa huwajaza gesi au kuwaendesha tuwaandalie nini? Leteni vipimo, si "mbona babu alikunywa".

Lala Njoro
Lala, yaani maziwa yaliyochachushwa yakaganda, husaidia ila haimalizi. Bakteria hugeuza sehemu tu ya laktosi kuwa asidi. Chemsha lita moja, yapoe hadi nyuzi 22–25. Tia vijiko viwili vikubwa vya lala nzuri iwe mbegu, koroga, funika, usiguse kwa saa 16 hadi 18. Kisumu joto ni jingi, kagua mapema. Ukitia mbegu maziwa yangali moto, unaiua. Yakikataa kuganda na mbegu ni nzima, uliza kuhusu ng'ombe: akitibiwa kiwele kwa antibiotiki na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa hazijaisha, dawa hiyo huua bakteria wako.

Sotet, Kapsabet
Na mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayochachushwa kwenye kibuyu, ni vivyo hivyo. Mkaa wa mti wa senetwet ni wa harufu na rangi. Kazi ya kula sukari ni ya bakteria.

Jibini Molo
Jibini gumu lililokomaa miezi kadhaa halina laktosi ya kutisha, kwani nyingi hutoka na maji yake. Usimpe mgonjwa wako maji hayo! Yakikaushwa, takriban asilimia 70 ya unga ni laktosi. Samli, karibu sifuri.

Duka la Dawa, Kisumu
Wengi wasioistahimili laktosi huweza kuvumilia gramu 12 kwa mkupuo, yaani kikombe kimoja cha maziwa, hasa pamoja na chakula. Chai ya nusu maziwa ni kama gramu 6. Tembe nyingi zina laktosi pia, lakini kidogo mno kumsumbua mtu wa kawaida.

Msichanganye kutoistahimili laktosi na mzio wa maziwa. Mzio ni wa protini: vipele, uso kuvimba, kupumua kwa shida. Mwenye mzio hata lala na jibini hapewi, na amwambie daktari kabla ya kutumia dawa ya unga ya kuvuta, maana baadhi zina laktosi yenye chembe za protini ya maziwa. Mtoto mchanga mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kuzaliwa ambao mwili hushindwa kutumia sukari ya galaktosi iliyo ndani ya laktosi, hanyonyeshwi kabisa. Mtoto anayeharisha tu aendelee kunyonya, apewe ORS na zinki.

Aiskrimu Kakamega
Nyongeza: utamu wa laktosi ni kama moja ya tano ya sukari ya miwa, tena huyeyuka kwa shida. Aiskrimu ikiwa na mchanga mdomoni, mara nyingi unga wa maziwa umezidi. Upunguze, na usiiache iyeyuke kisha uigandishe tena.