Blanketi la ndege: ni la abiria au la shirika?

Mkaazi wa Embakasi
Swali ni moja, na naomba tulijibu bila kuzungukazunguka. Abiria akishuka uwanja wa ndege wa JKIA na blanketi la ndege kwenye mkoba, amebeba chake au ameiba? Nauliza kwa sababu juzi nikitoka Ghuba kwa ndege ya usiku, mhudumu alimsimamisha mama mmoja karibu na mlango akamwomba arudishe blanketi, na nusu ya abiria wakamgeukia mhudumu. "Amelipa tiketi, muache!" Mimi nasimama na mhudumu.

Blanketi na mto havitupwi. Vinakusanywa, vinafuliwa, vinafungwa upya na kurudishwa ndegeni. Hedifoni nazo ndio maana wanapita kuzichukua kabla ya kutua: zinasafishwa, vile vifuniko vya sponji vinabadilishwa, anapewa mwingine. Ukibeba, kuna mtu wa safari inayofuata atapigwa na baridi usiku mzima. Chako ni kile kifuko, pale kinapotolewa: soksi, mswaki, dawa ya meno, kitambaa cha kufunika macho. Hakuna anayetaka umrudishie mswaki ulioutumia. Lakini hii tabia ya kuona kila kitu kilicho mbele yako ni cha kubeba tunaitoa nyumbani. Ni walewale wanaofunga chapati kwenye servieti harusini kabla hata bwana harusi hajala.

Shangazi wa South B
Ulianza vizuri ukaharibu mwishoni. Chapati za harusi zimeingiaje kwenye ndege? Chapati hizo ni sisi akina mama tumekesha tukizisukuma. Unga tumechanga, mafuta tumechanga, waru tumemenya hadi vidole vikakunjamana. Wewe ulifika saa saba mchana, ukakaa chini ya hema, ukaletewa sahani. Leo unatuita wezi wa chapati zetu wenyewe? Kwetu mama akitoka harusini mikono mitupu, watoto wanamuuliza kama kweli alialikwa.

Kijana wa Rongai
Shangazi amesema kweli! Na kuhusu ndege, mashirika yenyewe yanajua watu wanabeba. Kuna moja la Uingereza, nadhani British, lilikuwa na vichupa vya chumvi na pilipili vizuri sana, watu wakabeba mpaka wakaamua kuandika chini yake kwamba vimeibwa kwao. Kama wao wanacheka, sisi tunakasirika kwa niaba ya nani?

Wakili wa Kona
Turudi kwenye swali. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 268: wizi ni kuchukua kitu kwa nia ya udanganyifu na bila dai la haki. Adhabu ya wizi wa kawaida iko kifungu cha 275, kifungo cha hadi miaka mitatu. Lakini kifungu cha 8 kinamlinda mtu aliyechukua kitu akiamini kwa dhati kwamba ana haki nacho. Kwa hivyo yule mama, kama aliamini blanketi ni sehemu ya tiketi yake, huwezi kumwita mwizi. Akishaambiwa si lake na bado akalikumbatia, hapo kinga hiyo imekwisha. Tena msisahau Mkataba wa Tokyo wa 1963: nchi ilikosajiliwa ndege ina mamlaka juu ya makosa yanayofanyika ndani yake. Usidhani ukiwa angani uko kwako.

Kijana wa Rongai
Miaka mitatu kwa blanketi, na wanaofyonza mabilioni ya umma wanapigiwa saluti?

Wakili wa Kona
Nimesema hadi miaka mitatu. Na mabilioni yana mjadala wake, usilete hapa.

Mhudumu Mstaafu
Nimefanya kazi hiyo ya angani, kwa hivyo acheni niwaambie inavyokwenda. Kwanza, kijana wa Rongai, vile vichupa ni vya Virgin Atlantic, si British. Vina umbo la kindege kidogo, kimoja kinaitwa Wilbur na kingine Orville, majina ya wale ndugu wawili wa Marekani walioruka kwa ndege yao mwaka 1903. Chini vimeandikwa kwamba vimechomolewa Virgin Atlantic. Shirika hilo limeamua lenyewe kuvifanya kumbukumbu. Usichukue ruhusa ya shirika moja ukaitumia kwa jingine.

Pili, blanketi likipotea, mara nyingi tunanyamaza. Abiria amechoka, wewe umechoka, mlango umefunguliwa, nani atagombana? Kinachotuumiza ni jaketi la uokoaji. Lile la manjano au jekundu chini ya kiti. Watu wanalibeba! Kabla ya safari tunainama kiti kwa kiti kuangalia kama lipo. Likikosekana na hakuna la akiba, kiti kile hakikaliwi. Na tusipoligundua, yule atakayekaa pale siku ndege ikitua majini atapapasa chini ya kiti akute hewa. Mkitaka kugombana, gombaneni kwa hilo.

Halafu, jamani, ombeni. Mwisho wa safari ndefu soksi zinabaki, karata za watoto zinabaki. Mtu akija jikoni kwetu, akatusalimu kwanza, akasema "Dada, naomba soksi moja zaidi ya mama yangu," sijawahi kumnyima.

Binti wa Pumwani
Mhudumu, ahsante, lakini mimi nimekwama kwa Mkaazi wa Embakasi. Umesema ulitoka Ghuba. Ndege za usiku za Ghuba kuja Nairobi tunajua zimejaa kina nani. Ni wasichana wanaotoka kufanya kazi za nyumba Riyadh, Jeddah na Doha. Kuna aliyekaa miaka miwili hajapewa siku moja ya mapumziko. Kuna anayerudi na mshahara nusu. Huyo ndiye umemwona na kiblanketi chepesi na moyo wako ukaumia?

Sasa nenda mbele, viti vya pesa. Ukipanda KLM kutoka Amsterdam kuja hapa Nairobi, abiria wa daraja la biashara anapewa kijumba cha kauri cha rangi ya buluu na nyeupe, ndani yake mna pombe yao kali iitwayo jeneva. Wanavitoa tangu miaka ya 1950, na kila tarehe 7 Oktoba, siku ya kuzaliwa ya shirika, wanaongeza kimoja kipya. Watu wanavikusanya, wanavijengea kabati za vioo. Wa mbele akishuka na mali ya ndege anaitwa mkusanyaji. Wa nyuma akishuka nayo anaitwa mwizi.

Mkaazi wa Embakasi
Dada, unaniwekea maneno mdomoni. Nimesema mama mmoja. Sikusema msichana, sikusema mfanyakazi wa nyumba, sikusema Riyadh. Wewe ndiye umemvisha yule mama maisha ambayo huyajui. Na hicho kijumba anapewa mkononi! Mhudumu anapita na sinia, abiria anachagua. Hakuna aliyempa yule mama blanketi aende nalo.

Mpangaji wa Umoja
Nyongeza kwa Binti: zile nyumba zilianza kwa ujanja. Zamani mashirika ya ndege yalibanwa yasitoe zawadi za thamani kwa abiria, ili yasinyang'anyane wateja. KLM wakajaza pombe kwenye kijumba wakasema hii si zawadi, ni kinywaji, au kuna sheria inayotuambia kinywaji tukiweke kwenye chombo gani? Kwa hivyo hata hao wakubwa wanajua kuzunguka kanuni.

Mzee wa Lang'ata
Vijana, mnazungumzia blanketi? Wakati wa East African Airways, vijiko na visu vilikuwa vya chuma, vizito, vina nembo. Nyumba nyingi nilizokaribishwa chai hapa mjini nilikorogea sukari kwa kijiko cha ndege, na aliyekukaribisha alihakikisha umeiona ile nembo. Kisu cha chuma kiliondoka kwenye sinia za ndege nyingi baada ya Septemba 2001, si kwa sababu ya wezi. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilishika mali iliyoikuta mkononi, ndipo Kenya Airways ikaanzishwa mwaka huohuo. Nani alimwita nani mwizi?

Wakili wa Kona
Mzee wangu, shikamoo, lakini kugawana mali ya Jumuiya kulichukua miaka ya mazungumzo na kukaishia kwenye mkataba uliotiwa sahihi. Kijiko hakikuwa na mkataba.

Mzee wa Lang'ata
Marahaba. Hata hivyo kijiko kilikoroga chai.

Muuza Mitumba Gikomba
Mimi nafungua bale kila wiki. Blanketi zenye nembo za ndege nimezikuta ndani ya bale, zimepangwa, safi, nyingi za aina moja. Abiria mmojammoja hawezi kukusanya hivyo. Ina maana zikichakaa kuna anayeziuza. Mteja wangu wa Kariobangi hupenda kweli, ni nyepesi na hukauka haraka msimu wa mvua. Sasa mnaposema blanketi ni mali takatifu ya shirika, mimi hapa naiuza kwa bei ya sukari kilo moja.

Mkaazi wa Embakasi
Kuuzwa na mwenyewe baada ya kuchakaa ni tofauti na kubebwa likiwa bado linatumika. Hilo halihitaji wakili.

Shangazi wa South B
Bado hujajibu kuhusu chapati.

Mkaazi wa Embakasi
Shangazi, kwa heshima, chapati ilikuwa mfano tu.

Shangazi wa South B
Mfano wa nini? Ungetoa mfano wa wanaume wanaobeba soda kwenye mifuko ya koti ningekaa kimya. Ungetoa mfano wa wafanyakazi wanaotoka semina na kalamu za hoteli mfukoni, na zile peremende za mezani. Lakini ulipotafuta sura ya tamaa ulimwona mama na servieti. Ndiyo ile ile ya ndegeni, tena ni mama. Jifikirie.

Binti wa Pumwani
HAPO, shangazi. Hapo hapo.

Mpishi wa Donholm
Acheni niingie, kwa sababu kwenye mambo ya harusi mimi ndiye ninayeumia. Napika kwa kuhesabu. Kamati inaniambia wageni 300, nami napika ya 300 na kidogo juu. Halafu meza za mbele zinahudumiwa, na kabla safu ya nyuma haijainuka, ndoo zimeanza kujaa chini ya viti. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 watu wamejiandaa zaidi, wanakuja na vyombo vyenye vifuniko kutoka nyumbani. Wa safu ya mwisho wakifika mezani wanakuta supu na mchele mkavu wa sufuria, nao wananitazama mimi. Hawamtazami aliyebeba. Shangazi, sibishi kwamba mlisukuma chapati. Lakini mwenye kubeba kabla wengine hawajala amemnyima mtu, na mara nyingi aliyenyimwa ni yule wa matatu iliyochelewa kutoka ushago.

Shangazi wa South B
Mwanangu, wewe umeongea kama mtu mwenye adabu, kwa hivyo nakujibu kwa adabu. Kwa nini meza za mbele zinahudumiwa kwanza? Nani aliyeamua kwamba wenye suti wapewe vipande vya mapaja na walioamka saa kumi alfajiri kuteka maji wangoje mifupa? Mama anayefunika chapati tatu chini ya kiti anajua zamu yake ikifika hakutakuwa na kitu. Ameona mara nyingi. Hafanyi kwa tamaa. Ninyi wapishi mkianza kuhudumia kutoka nyuma, hizo ndoo hamtaziona.

Mpishi wa Donholm
Mimi hupewa amri na kamati. Nikianzia nyuma, mwenyekiti atanidai pesa zake.

Kijana wa Rongai
Nimehudhuria ambapo waheshimiwa walichelewa na chakula kikafunikwa mpaka saa kumi jioni, watoto wanalia. Niko na shangazi.

Mkaazi wa Embakasi
Jamani, niliuliza kuhusu blanketi.

Mhudumu Mstaafu
Nami nimekujibu. Na kwa vile tumefika kwenye zamu: hata ndegeni chakula cha kuchagua huanza kuisha safu za nyuma. Ukiambiwa "kuku amekwisha, imebaki pasta" ni kwa sababu toroli lilianzia mbele. Baadhi yetu tulikuwa tukianzisha toroli jingine kutoka nyuma ili watu wa huko nao wachague. Malalamiko yalipungua, na nilipopita kukusanya hedifoni nilipewa bila kuvutana.

Shangazi wa South B
Mpishi, umesikia huyo? Mwambie mwenyekiti wako.

Wakili wa Kona
Bado msimamo wangu ni kwamba akiambiwa rudisha, arudishe.

Binti wa Pumwani
Na aambiwe kwa sauti ya chini, kwenye kiti chake, kabla ya kufika mlangoni watu wote wakitazama. Hilo Mkaazi hajalitamka hata mara moja.

Mkaazi wa Embakasi
Kwa sauti ya chini, nakubali. Blanketi lirudi, siondoki hapo.

Mpishi wa Donholm
Shangazi, nina harusi Kitengela mwezi ujao. Nitamwambia mwenyekiti tuanzie nyuma. Akikataa nitakupigia uje uongee naye wewe.

Shangazi wa South B
Nipe tarehe.